Kuumulika Moyo Kasualti Kabla Dawa Haijaingia Mshipani

Mgonjwa wa moyo akiingizwa kasualti hana pumzi na presha imeshuka, dawa inayomwokoa huyu ndiyo inayomuua yule. Maji ya dripu humnusuru aliyekaukiwa, na humzamisha ambaye moyo wake umechoka. Furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, humkausha mapafu mwenye moyo uliochoka, na humwangusha ambaye moyo wake umebanwa na maji ndani ya kifuko chake. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufungua mshipa wa moyo ulioziba, lakini ikikuta aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, imechanika, mgonjwa hafiki wodini. Kwa nje wote hawa wanafanana: jasho la baridi, pumzi fupi fupi, mkono umeshika kifua.

Nafanya kazi kasualti ya hospitali ya umma hapa kisiwani Mombasa, na kila zamu ninakuwa na maintani, yaani madaktari wapya walio mafunzoni, na maafisa wa kliniki wa kuwafundisha. Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote mwenye mashine ndogo ya ultrasaundi kando ya kitanda. Haumfanyi mtu kuwa bingwa wa moyo. Bingwa hupima kila vali kwa utulivu; sisi tunauliza maswali machache yenye jibu la ndiyo au la, na kila jibu linabadilisha tunachofanya dakika ileile. Kwa hiyo sharti langu kwa anayejifunza ni moja: kabla hujashika proba, kile kichwa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi, niambie kwa sauti unauliza nini. Asiyeweza kulitaja swali lake, mashine naiweka pembeni mpaka alitaje.

Kabla ya mashine

ECG kwanza. Mwenye maumivu ya kifua apigwe kipimo hicho cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni, hata kama anasisitiza kwamba ni gesi. Na watasisitiza. Huku kwetu nusu ya maumivu ya kifua huja na jina la gesi au vidonda vya tumbo, na mtu huwa ameshakunywa maji ya tangawizi na dawa ya duka kabla ya kuja. Msikilize anavyosema mwenyewe: "kifua chanibana", "pumzi zanipaa", "moyo wanienda mbio". Muulize saa maumivu yalipoanza. Muulize kama anatafuna miraa au muguka, maana huongeza mapigo na presha na si vijana tu wanaotumia. Muulize kama ameacha vidonge vya presha. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaoviacha kabisa badala ya kuja tuwapangie vya daku na vya futari. Dereva wa lori anayetoka Malaba, mpakani na Uganda, muulize amekaa kwenye usukani muda gani, na muangalie miguu. Mama kijana muulize amejifungua lini.

ECG ikionyesha wazi kwamba mshipa wa moyo umeziba, ultrasaundi isikucheleweshe. Aspirini ya miligramu 300 aitafune, na simu ipigwe. Kama hawezi kufikishwa penye maabara ya kufungua mishipa na kufunguliwa ndani ya dakika 120, na maumivu hayajapita saa 12, anahitaji dawa ya kuyeyusha donge pale pale ulipo, ikiwa hana kizuizi. Ile dakika moja ambayo nesi anaandaa dawa ndiyo ya kuweka proba, na swali ni moja tu: mzizi wa aota ni salama? Sababu nitaieleza mbele.

Jambo jingine la kabla ya mashine ni ruhusa. Tunamfunua mtu kifua kwenye chumba chenye watu kumi. Vuta pazia. Kama mgonjwa ni mwanamke na wewe ni mwanamume, mwite nesi wa kike asimame nanyi, na usiseme hakuna muda, kwa sababu kumwita huchukua pumzi moja. Buibui halihitaji kuvuliwa lote. Fungua pale unapoweka proba na penginepo pafunikwe shuka. Titi likikaa njiani, mwombe mwenyewe alinyanyue kwa mkono wake. Mimi husema: "Mama, naomba nikuwekee kitu baridi hapa kifuani, hakiumi, nataka kuuona moyo wako unavyofanya kazi." Mama aliyeelezwa hivyo hugeuka ubavu mwenyewe ukimwomba, na picha inakuwa nzuri mara mbili.

Mashine na mkono

Tumia proba ya moyo, ile yenye uso mdogo unaopenya kati ya mbavu. Kama unayo ya tumbo tu, bado unaweza kuuona moyo kutokea chini ya kidari, kwa hiyo usiache kazi. Chagua mpangilio wa moyo kwenye menyu, anza na kina cha sentimita 16 hivi, kisha punguza mpaka moyo ujaze skrini. Jeli iwe nyingi. Joto la hapa huikausha haraka, na wengi hudhani picha imeharibika kumbe proba inagusa ngozi kavu.

Angalia nukta iliyo juu ya skrini. Maelekezo yangu ni ya mashine ambayo nukta iko kulia, wanavyopenda mabingwa wa moyo. Ya kwako ikiwa kushoto, wanavyoweka watu wengi wa dharura, geuza alama ya proba nyuzi 180 kila ninapotaja mwelekeo kwenye madirisha yote manne, yaani sehemu nne za kuweka proba, utapata picha ileile. Lisilokubalika ni kutojua nukta yako iko wapi, kwa sababu utaita kulia kushoto na mgonjwa atalipia.

Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu, kwa kuwa tuko mji wa bandari, kwamba moyo ulimulikwa hivi mara ya kwanza mwaka 1953 kule Sweden na daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Hertz alijaribu kwanza mashine ya karakana ya meli ya Malmö, iliyokuwa ikitafuta nyufa ndani ya chuma. Sauti inapelekwa ndani, inarudi, inasomwa.

Dirisha la kwanza ni kando ya kidari. Weka proba kushoto mwa mfupa, nafasi ya tatu au ya nne kati ya mbavu, alama ikielekea bega la kulia la mgonjwa. Akiweza, alale ubavu wa kushoto, moyo usogee karibu na mbavu. Utaona ventrikali ya kulia (ventrikali ni chumba kinachosukuma damu) juu, ya kushoto chini yake, aota ikitokea upande wa kulia wa skrini, na atiria ya kushoto (atiria ni chumba kinachopokea damu) chini ya aota. Nyuma kabisa kuna duara jeusi dogo, hiyo ni aota inayoshuka. Duara hilo litafute kila mara, lina kazi.

Ukiwa hapohapo, zungusha proba robo mzunguko kwa mwendo wa saa mpaka alama ielekee bega la kushoto. Sasa umeukata moyo mapana, na ventrikali ya kushoto ni duara.

Dirisha la tatu ni kwenye ncha ya moyo, pale unapouhisi ukigonga, alama ikielekea ubavu wa kushoto. Vyumba vyote vinne vinaonekana bega kwa bega.

La nne ndilo ninalolitegemea zaidi kasualti: chini ya chembe cha moyo. Laza proba karibu bapa tumboni, mkono ukiwa juu yake na si ubavuni, alama ikielekea kushoto kwa mgonjwa, kisha elekeza bega la kushoto ukilitumia ini kama njia. Mwambie akunje magoti na avute pumzi aishikilie. Mwenye mapafu yaliyojaa hewa kwa sababu ya sigara au kifua kikuu cha zamani, madirisha ya mbavuni hayaonyeshi kitu, hili huonyesha. Kutoka hapo zungusha robo mzunguko kinyume cha saa, alama ielekee kichwani, uone mshipa mkuu wa chini ukiingia atiria ya kulia.

Aliyekaa kwa kukosa pumzi msimlaze chali ili mpate picha nzuri. Mwache akae, ainame mbele kidogo, utapata kinachopatikana. Nimeona wagonjwa wakizidiwa kwa sababu mtu alitaka picha safi.

Je, kuna maji kwenye kifuko cha moyo?

Hili ndilo swali ninaloanza nalo kwa kila mwenye presha ya chini na mishipa ya shingo iliyovimba. Maji ni weusi kati ya ukuta wa moyo na kifuko. Chini ya milimita 10 tunayaita machache, zaidi ya 20 mengi. Lakini kipimo peke yake hakisemi hatari. Maji yaliyojikusanya kwa miezi yanaweza kuzidi lita moja na mtu akatembea hadi hospitali. Damu ya kisu iliyoingia kwa dakika chache, mililita 200 tu, humuua.

Usichanganye na maji ya pafu. Rudi kwenye lile duara la aota inayoshuka: maji ya kifuko cha moyo hupita mbele yake, kati yake na moyo, ya pafu hukaa nyuma yake. Usichanganye pia na mafuta, ambayo hukaa mbele tu, si meusi tii, na husogea pamoja na moyo.

Kinachoonyesha kwamba moyo unabanwa ni upande wake wa kulia. Ventrikali ya kulia inapotakiwa kujaa, ukuta wake unabonyea ndani. Atiria ya kulia inabonyea wakati ventrikali zinakamua. Na mshipa mkuu wa chini umejaa, hausinyai mgonjwa akivuta pumzi.

Mzee mmoja alivuka kutoka Likoni alfajiri, mwanawe akimkumbatia nyuma ya tuktuk. Karatasi aliyokuja nayo ilisema moyo umeshindwa, na alikuwa ameshapewa furosemaidi njiani. Alikuwa ameinama mbele, miguu imevimba, presha 80 kwa 60, mapigo 130. Intani alikuwa na dozi ya pili ya furosemaidi mkononi. Nikamwuliza swali lake ni lipi. Akasema: "Nataka kujua moyo una nguvu au hauna." Swali zuri. Tukaanza na mapafu: yalikuwa makavu. Hapo tu dozi ile ikarudi kwenye trei, kwani mapafu makavu yenye pumzi fupi namna ile yanataka maelezo mengine.

"Baba, naomba nikuguse hapa chini ya kidari."

"Haya mwanangu, fanya."

Moyo ulikuwa ukielea kwenye weusi, ukiyumba huku na huku kama dau lililofungwa gatini, na ukuta wa kulia ulibonyea kila mara ulipotaka kujaa. Furosemaidi ikasimamishwa, akapewa maji ya mshipa kidogo kidogo ili upande wa kulia upate cha kujaza, na daktari mwenye uzoefu akayatoa maji ya kifuko akifuata picha, akiingilia pale yalipokuwa mengi na karibu na ngozi kuliko kwingine. Yalitoka yakiwa na rangi ya damu damu. Presha ilipanda kabla bomba la sindano la pili halijajaa. Maji hayo hatukuyamwaga: yalipelekwa maabara kutafutwa kifua kikuu, ambacho barani kwetu ndicho kisababishi kikubwa cha maji ya kifuko cha moyo, na mzee alishauriwa apimwe pia virusi vya ukimwi. Adhuhuri alikuwa amelala chali bila shida, anauliza kama kahawa inaruhusiwa.

Moyo unasukuma vipi?

Huhitaji asilimia kamili. Angalia vitu vitatu kwenye dirisha la kando ya kidari: kuta za ventrikali ya kushoto zinanenepa zinapokaza? Zinasogea ndani? Ulimi wa mbele wa vali ya mitrali, mlango ulio kati ya atiria na ventrikali ya kushoto, unapofunguka unakaribia kuugusa ukuta wa kati? Moyo wenye nguvu hufanya yote matatu. Nafasi kati ya ulimi huo na ukuta wa kati ikizidi milimita 7, nguvu imepungua. Ila kipimo hiki hudanganya kwa mwenye vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na wagonjwa hao tunao wengi, tena vijana. Ulimi hauendi mbali kwa sababu umekakamaa, na misuli ya moyo ni mizima. Hudanganya pia vali ya aota ikivuja. Kwa hiyo angalia kuta kwanza, halafu namba.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliofuata watu 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa ghafla. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na sababu iliyoongoza ilikuwa presha. Mishipa ya moyo kuziba ilikuwa sehemu ndogo. Ndivyo ninavyoona na hapa: ventrikali yenye kuta nene za presha ya miaka ambayo haikutibiwa. Moyo kama huo unaweza kukaza vizuri sana machoni pako na bado mapafu yakajaa maji, kwa sababu haulegei kupokea damu. Usimwambie mwenye mapafu yaliyojaa kwamba moyo wake hauna shida eti unasukuma.

Na kuna mama kijana. Amejifungua wiki kadhaa zilizopita Kisauni, anakohoa usiku, halali chali, mavyaa yake anasema ni baridi ya uzazi, na pengine ameshapewa dawa za nimonia. Kudhoofika kwa moyo kwa uzazi huja kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Weka proba. Ventrikali imetanuka, inatikisika tu bila kukamua, na mapafu yote mawili yana mistari ya maji. Mama huyu akipewa dripu ya haraka kwa kudhaniwa ana nimonia kali, atazama. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu ndiye mgonjwa anayekosewa mara nyingi kuliko wote, na ndiye ambaye picha ya dakika mbili inambadilishia njia kabisa.

Kwa mwenye mshtuko wa moyo unaweza kuona sehemu moja ya ukuta imelala wakati nyingine zinakaza. Ukiiona, inakuongezea uhakika. Usipoiona, hujaondoa kitu. Mgonjwa huyo bado anahitaji ECG nyingine na troponini, kipimo cha damu cha kuumia kwa msuli wa moyo.

Upande wa kulia

Kwenye dirisha la ncha ya moyo, ventrikali ya kulia inapaswa kuwa ndogo, thuluthi mbili ya ya kushoto au chini ya hapo. Ikilingana nayo au ikiipita, kuna kinachoisukuma kutoka mbele, na kwa aliyeanguka ghafla hofu ya kwanza ni donge la damu mapafuni. Ukikata mapana, ukuta wa kati umesukumwa na duara la kushoto limekuwa kama herufi D. Pengine utaona ukuta wa kulia hausogei ila nchani tu.

Mgonjwa huyu ukimjaza maji unamwongezea mzigo: upande wa kulia unatanuka zaidi na kuubana wa kushoto. Badili proba uchukue ile bapa ya mishipa, ubonyeze mshipa wa paja kwenye kinena na ule wa nyuma ya goti. Mshipa mzima hujifunga kabisa ukiubonyeza. Usiojifunga una donge, na hapo una sababu ya kutosha kuanza heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ukisubiri CT skani. Presha ikiwa imeporomoka, zungumza na mkuu wako kuhusu dawa ya kuyeyusha.

Tahadhari yangu: mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu au moshi wa kuni huutanua upande wa kulia polepole. Ukuta wake ukiwa mnene zaidi ya milimita 5, kuna ugonjwa wa zamani, ingawa donge jipya linaweza kuja juu yake. Na kama ventrikali ya kulia ni ya kawaida kabisa, donge dogo bado linawezekana, ila si donge linaloelezea presha ya 70. Tafuta sababu nyingine.

Ventrikali ya kulia iliyolala kwa mtu mwenye mshtuko wa moyo wa sehemu ya chini ni jambo jingine: usimpe ile dawa ya kutanua mishipa inayowekwa chini ya ulimi, presha itaanguka.

Aota

Maumivu yaliyoanza ghafla yakiwa makali tangu sekunde ya kwanza, yakipasua hadi mgongoni, kwa mtu wa presha, ni aota mpaka ithibitike vinginevyo. Pima presha mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 20 ni kengele. Kisha kando ya kidari pima mzizi wa aota: zaidi ya sentimita 4 ni wa kutiliwa shaka. Tafuta utando unaopeperuka ndani yake na maji kwenye kifuko. Mchaniko unaweza kuziba mshipa wa moyo na kukupa ECG inayofanana kabisa na ya mshtuko wa moyo, ndiyo maana nikasema tazama mzizi wakati dawa inaandaliwa.

Ukiona utando, umepata jibu. Usipouona, hujapata jibu, kwa sababu sehemu kubwa ya aota imejificha nyuma ya mapafu. Eksirei nayo isikupe amani: inaweza kuwa ya kawaida na aota imechanika, na ile inayopigwa mgonjwa amelala huukuza moyo na katikati ya kifua, kwa hiyo kanuni ya moyo kutozidi nusu ya upana wa kifua ni ya picha iliyopigwa kutoka mgongoni mtu akisimama. Jibu liko kwenye CT skani yenye dawa ya rangi. Weka kanula kubwa, ya kijani ikiwezekana, mkono wa kulia, kwani rangi ikipitia kushoto huacha mng'ao mbele ya aota. Usisubiri majibu ya figo kwa mtu anayekufa. Mshushe maumivu, mapigo yawe chini ya 60 na presha ya juu kati ya 100 na 120, kwa labetaloli, dawa ya kushusha mapigo na presha, ikiwepo, na asiende kwenye skani bila mtu wa kumwangalia.

Mapafu na mshipa mkuu, kwa ufupi

Mistari wima mitatu au zaidi inayoshuka mpaka chini ya skrini katika nafasi moja ya mbavu, sehemu zaidi ya moja na pande zote mbili, ni maji mapafuni mpaka upate sababu nyingine. Mapafu makavu na pumzi fupi: fikiria donge, pumu, au moyo uliobanwa.

Mshipa mkuu wa chini wenye upana usiozidi sentimita 2.1, unaosinyaa zaidi ya nusu mgonjwa akinusa kwa nguvu, unaonyesha shinikizo la kulia ni dogo. Uliojaa na usiosinyaa, shinikizo liko juu. Usiupime kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa kanuni hiyo, wala usiuchanganye na aota iliyo jirani yake. Mshipa mkuu hupita ini na kuingia moyoni, na ndiyo njia ya kuutambua. Kujaa kwake pekee hakutofautishi moyo uliochoka na moyo uliobanwa wala donge. Unahitaji picha nyingine pembeni yake.

Moyo ukisimama

Hapa mashine inaweza kudhuru, kwa sababu watu huganda wakitazama skrini na hakuna anayekandamiza kifua. Proba ikae tayari chini ya chembe cha moyo wakati kifua kinaendelea kukandamizwa. Ukifika wakati wa kuangalia mapigo, mtu mmoja ahesabu kwa sauti moja hadi kumi, wewe rekodi klipu, na kumi ikifika mikono irudi kifuani hata kama hujaona kitu. Klipu itazameni wakati kifua kinakandamizwa. Mnatafuta maji ya kifuko, ventrikali ya kulia iliyotanuka, na kama moyo unajongea. Ila jueni kwamba upande wa kulia hutanuka pia kwa moyo uliosimama tu, kwa hiyo donge lisiamuliwe kwa picha hiyo peke yake.

Baada ya picha

Andika faili papo hapo: swali ulilouliza, ulichoona, ambacho hukuweza kuona, na ulichobadilisha kwenye tiba. Kama dirisha halikutoa picha, andika hivyo, usiandike "kawaida". Klipu ihifadhiwe kwa namba ya mgonjwa ili bingwa aione asubuhi, na mpeleke kwake kila mgonjwa uliyemulika, hata yule uliyedhani ni mwepesi, kwa sababu jicho la anayejifunza hukomaa kwa kurekebishwa. Ukimhamisha mgonjwa, usimwambie anayepokea simu kwamba moyo umeshindwa. Mwambie: "Ventrikali ya kushoto haikamui, hakuna maji kifukoni, mapafu yana maji pande zote, presha 90 kwa 60, amepata furosemaidi miligramu 40 saa tatu na robo." Anayekusikiliza ataandaa kinachotakiwa kabla ambulensi haijashuka kwenye feri.

Halafu mfute mgonjwa jeli, mfunike, mweleze ulichoona kwa lugha yake. Proba ifutwe jeli yote kisha isafishwe kwa dawa iliyoruhusiwa na watengenezaji, maana spiriti huharibu uso wa baadhi ya proba. Irudi kwenye kishikio chake, waya usiburutwe sakafuni, na mashine ichomekwe chaji hata kama betri inaonyesha nusu, kwa sababu mvua za masika stima hupotea bila taarifa.